Busu la Bahati Nasibu

Ligaya Dumlao alikuwa anamkamulia mama mkwe wake aiskrimu pale spika za meli zilipokohoa na nahodha akaanza kusema.

Nimesema mama mkwe kwa jinsi Ligaya mwenyewe alivyokuwa akijidanganya moyoni. Kwa alivyodhani Ligaya, Mama Arlys Haugen hakuwa na habari kwamba ana mkwe. Alichojua ni kwamba binti wa kantini ana mkono mwepesi na koni zake hujaa mpaka zikapinda, na tangu meli ing'oe nanga Hawaii hakupitisha siku bila kuja dirishani pale, mkoba kwapani, akaulizia hali na kusifia. Ligaya naye alikuwa anajaza tu. Hakuwa na njia nyingine ya kumwambia yule mama kwamba anampenda mwanawe kufa na kupona.

Meli yenyewe ilikuwa moja ya zile kubwa za kubeba ndege za kivita, mji mzima wa chuma unaoelea, na ilikuwa inarudi nyumbani San Diego baada ya kupotelea baharini kwa miezi. Kipande cha mwisho cha safari, kutoka Hawaii, mabaharia huruhusiwa kupandisha jamaa zao waone maisha ya melini. Mama ruksa, baba ruksa, kaka na mjomba ruksa. Wake na wachumba hawaruhusiwi. Hao kazi yao ni kungoja gatini na kulia.

Na katika mji ule wa chuma hakuna mahali palipopendwa kama kantini. Mabaharia huiita gidanki, na ukiwauliza neno limetoka wapi kila mmoja atakupa hadithi yake. Ni dirisha tu kwenye korido, mlango wa chuma wa kuvuta juu, nyuma yake chipsi, chokoleti, tambi za kikombe, soda, na mashine ya aiskrimu laini inayoheshimiwa kuliko kasisi. Mtu amelala kitanda cha tatu juu chini ya bomba linalovuja, amekemewa kutwa nzima, mkewe hajamwandikia, lakini akipata koni yake anarudi kuwa binadamu. Na sheria ya foleni ile ni moja: haina cheo. Rubani anasimama nyuma ya mfua nguo, daktari nyuma ya mpaka rangi, na atakayeruka mstari atazomewa mpaka atamani kuruka baharini.

Basi nahodha akasema kwamba wakati uliongojwa umefika. Ameingiza mkono kwenye mtungi na kutoa mshindi wa busu la kwanza. Kila meli inaporudi nyumbani, mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu ashuke kabla ya wote, na mbele ya umati na kamera za televisheni ambusu mpenzi wake, ndipo wengine nao wapate ruhusa ya kukimbilia wao. Tiketi ziliuzwa pale pale kantini. Aliyeziuza ni Ligaya, na mtungi ulikuwa wa achari, aliuosha mwenyewe.

"Mshindi wetu ni Wendell Haugen wa sitaha ya ndege," ilisema spika. "Na anayemngoja gatini ni mchumba wake, Britta Solberg. Hongera, kijana. Usituangushe."

Mkono wa Ligaya ulikuwa bado kwenye mpini wa mashine. Aiskrimu ilijaza koni, ikapita koni, ikashuka vidoleni na kuanza kudondoka juu ya kaunta, naye hakuiona.

Mama Arlys alikuwa anapiga makofi. "Nilijua tu," alisema, macho yamemjaa maji. "Tiketi zote zile nilizinunua kwako wewe, mwanangu. Una mkono wa baraka."

"Ulimnunulia yeye?"

"Nani mwingine? Mwenyewe hajui. Mwanamume ukimwachia mambo haya ayaamue, atakuletea chochote." Akachukua koni iliyokuwa inavuja, akailamba pembeni kwa adabu, akatazama saa. "Britta ni jirani yetu. Shamba lao la viazisukari na letu limegawanywa na mtaro tu. Wamekua pamoja. Tutauondoa huo mtaro."

Ligaya alijikuta anasema hongera, mama. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya kuuza.

Wendell alikuja mbio kutoka juu, fulana ya njano ya waelekeza ndege imemganda kwa jasho, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni. Alitaka kwenda moja kwa moja dirishani. Foleni ilimzomea kama mwizi. Tibbets, fundi mmoja wa chumba cha injini mwenye mdomo mpana, alimwuliza kama busu la kwanza linampa na chokoleti ya kwanza. Wendell akarudi nyuma kabisa, akasimama nyuma ya daktari wa meno, akingoja na kujipangusa uso kila dakika. Ligaya alikuwa anamwona. Alihudumia watu wote waliomtangulia kwa tabasamu ambalo hawakuwahi kulipata hata siku ya sikukuu.

Zamu yake ikafika.

"Ligaya, naapa sijui lolote."

"Unataka nini?"

"Nataka unisikilize."

"Hiyo hatuuzi. Kuna chipsi, chokoleti, tambi na soda."

"Nipe chokoleti. Sikununua tiketi mimi. Ni mama."

"Najua ni mama. Nilimwuzia kwa mkono huu, na nikamtafutia kalamu inayoandika vizuri." Akaitupa chokoleti juu ya kaunta. "Anayefuata."

Akaondoka na chokoleti asiyoitaka, akarudi mwisho wa foleni. Safari hii alikuwa ametumia akili. Alipofika dirishani aliagiza tambi za kikombe, kwa sababu maji ya moto pale kantini hayana haraka, na mtu akisubiri maji yake hakuna anayeweza kumfukuza.

"Britta ni nani?" aliuliza Ligaya, mgongo ameugeuzia kwenye birika.

"Jirani. Tulikuwa kwaya moja kanisani."

"Mlikuwa mnaimba nini, nyimbo za harusi?"

Watu wakacheka. Wendell hakucheka. "Sijawahi kumshika hata mkono."

"Kesho utamshika mdomo."

"Sitambusu mtu nisiyempenda."

"Utambusu." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, jambo lililomtisha Wendell kuliko machozi. "Nakujua mimi. Ndege inakuja inanguruma, inaweza kukusaga, we unainua mikono miwili tu inasimama. Lakini mama yako aliye mwembamba kama ufagio akikwambia kata kushoto, unakata kushoto. Wewe huwezi hata kurudisha soda ya moto, Wendell. Ukipewa ya moto unakunywa hivyo hivyo na unasema asante."

"Kuna soda ya moto nilikunywa kwa sababu wewe ndiye uliyenipa."

"Basi kesho utapewa nyingine. Tambi zako hizi. Anayefuata."

Tibbets alisema kwa sauti kwamba yeye hana shida na mapenzi ya watu, shida yake ni kwamba anataka kula kabla hajastaafu. Lakini hata yeye hakuondoka. Alijipanga tena nyuma ya Wendell, akiwa na soda mkononi tayari, ili asikose kilichobaki.

Msomaji usije ukamwona Ligaya mkali bila sababu. Wendell alikuwa na amri ya uhamisho mfukoni. Meli ikishafunga gati, yeye anakwenda Japani, na huko si kwa wiki wala mwezi. Wakishaandikisha ndoa, Ligaya anaweza kuomba amfuate. Wasipoandikisha, jeshi la majini halina habari na mapenzi yao, litampeleka huyu mashariki na yule magharibi bila kuuliza. Walikuwa na siku chache za likizo kati ya gati na uwanja wa ndege, na siku ya kwanza ya hizo chache ilikuwa sasa imekwisha kutolewa zawadi kwa Britta Solberg.

Mara ya tatu Wendell hakuwa mpole tena.

"Aiskrimu," alisema.

"Imekwisha."

Neno hilo lilikuwa kosa. Lilipita foleni nzima kama habari ya moto, na nyuma huko mtu alianza kuuliza imekwisha au imeharibika, na mwingine akaapa kwamba kama mashine imekufa leo basi yeye anakwenda kwa kasisi. Ligaya akalazimika kupiga kaunta na kuwatangazia kwamba aiskrimu ipo, wasubiri, ni huyu mmoja tu hapewi.

"Sawa, mimi tu," alisema Wendell. "Mimi ndiye mwenye makosa yote. Sasa niambie. Unanilaumu mama yangu hajui kama nina mtu. Nani alinikataza nisimwambie?"

"Punguza sauti."

"Nilikuomba kabla hatujafika Hawaii. Nikasema tukifika San Diego tushuke wote wawili, twende tukamwone baba yako. Ukasema bado. Nikasema basi acha nimwambie mama akipanda. Ukasema bado, mama asijue kabla baba yako hajajua. Mama anahangaika kunitafutia mke kwa sababu anadhani sina. Mimi nimfanye nini?"

"Nimesema punguza sauti."

"Kwa ajili ya nani? Hawa wote wanajua. Tibbets anajua."

"Najua," alisema Tibbets.

Wendell akanyoosha kidole kwenye picha iliyobandikwa kando ya mashine. Ilikuwa ya mzee Anselmo Dumlao enzi za ujana wake, koti jeupe lililopigwa pasi, birika la kahawa mkononi, nyuma yake ukuta wa kijivu wa meli kama hii hii. "Nimesimama kwenye foleni hii miezi yote namtazama baba yako. Namjua sura kuliko ninavyomjua mjomba wangu. Na yeye hajui hata jina langu, Ligaya. Kila ukimpigia simu unamwambia huna mtu."

Hapo alipogusa ndipo penyewe. Mzee Anselmo alitoka kwao Ilokos, visiwani ng'ambo ya bahari, akiwa kijana, akajiunga na jeshi la majini la wageni kwa ahadi nzuri, na wakampa koti jeupe. Ujana wake wote uliishia kuwamiminia maofisa kahawa na kutandika vitanda vyao. Alipostaafu alinunua nyumba ndogo National City, jirani na San Diego, na kuapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena meli ya kijivu, wala binti yake hataolewa na baharia. Ligaya alipojiandikisha jeshini, mzee hakuzungumza naye mpaka msimu mzima wa mvua ukapita, na alipofungua mdomo alisema, umekwenda kuuza soda kule nilikobebea kahawa. Tangu hapo huja gatini kila meli inaporudi. Hasogei. Husimama mbali kwenye uzio, mikono mfukoni, mpaka binti amfuate huko huko.

"Humjui baba," alisema Ligaya.

"Si ulinifundisha? Nisimpe mkono wa kizungu. Niiname, nipokee mkono wake, niuweke kwenye paji la uso wangu. Akiutoa, nimekubaliwa. Akiuficha, nigeuke niende zangu."

"Atauficha."

"Basi aufiche kwangu mimi. Wewe hukumpa hata nafasi ya kuninyima. Ulininyima kwa niaba yake."

Ligaya aliinua mkono na kuuvuta mlango wa chuma chini mpaka ukagonga kaunta.

"Tumefunga," alisema kutoka ndani.

Makelele yaliyofuata sitayaandika hapa.

Alikaa chini juu ya katoni ya chipsi na hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimlilia Wendell kwa kusema kweli mbele za watu. Alimlilia baba yake kwa koti lile jeupe. Alipanga kwamba kesho hatamtazama Wendell akishuka, kisha akapanga kwamba atamtazama vizuri ili amchukie moja kwa moja. Alikuwa bado anapanga pale mlango mdogo wa pembeni ulipogongwa.

Alikuwa Mama Arlys. Safari hii hakuwa na tabasamu.

"Nimesikia mmegombana na mwanangu," alisema. "Meli nzima imesikia. Nimekuja kusema nawe kabla hujaendelea kuniaibisha."

Ligaya alisimama, akajifuta uso kwa aproni. "Mama, sikujua kama wewe unajua."

"Nilijua siku ya kwanza." Mama Arlys alitazama mashine, akatazama mpini wake. "Nilisimama pembeni nikaangalia unavyowapa wengine. Koni zao zinaishia hapa. Yangu ilikuwa mara mbili. Hakuna muuzaji anayempa mgeni koni kubwa hivyo bure, binti. Mtu mwenye koni hiyo anaombwa kitu. Nikajiuliza naombwa nini, na nilipomwona Wendell anapita hapo na wewe unaangusha vijiko, nikapata jibu."

"Na ukaendelea kuzila."

"Zilikuwa tamu."

"Na ukanunua tiketi kwangu mimi."

"Kwa makusudi. Nilitaka usikie kwa spika, wewe na kila mtu, ili iishe hapa hapa majini." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sikuchukii. Lakini mwanangu ana shamba linamngoja. Baba yake amechoka. Wewe utamfuata Japani na kumbakiza huko, halafu sijui wapi, na mimi nitakuwa naletewa picha. Britta amenunua gauni. Amesafiri kutoka kwetu mpaka San Diego, na nimemwambia Wendell ana jambo la kumwuliza. Mwanangu hana roho ya kumwaibisha binti wa watu mbele ya kamera. Nimemlea mimi."

"Umemwuliza yeye anataka nini?"

"Na wewe umemwuliza baba yako?"

Ligaya aliona mwili wote unawaka. Alimkumbuka yule mama alivyokuwa akilamba pembeni kwa adabu, siku zote zile, huku anampima. "Mama," alisema, "nimekuheshimu kwa sababu ni mama yake, na nitaendelea. Lakini toka kantini yangu. Wasiofanya kazi hapa hawaruhusiwi kuingia."

"Ndiyo maana naikuta imefungwa," alisema Mama Arlys, akatoka.

Kesho yake San Diego iliamka na jua. Meli iliingia polepole, na mabaharia wamepangwa kuzunguka kingo zote za sitaha, sare nyeupe, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma, hakuna kusema wala kupunga mpaka amri itoke. Ndiyo desturi, na ni mateso, maana chini kule watu wanakuita kwa jina na wewe huruhusiwi hata kugeuza shingo. Ligaya alipangwa ubavu wa gati. Nyuma ya mstari walisimama wageni, na kwa bahati au kwa hila za mwenyewe, aliyesimama nyuma ya bega lake alikuwa Mama Arlys na mkoba wake.

Aliwaona wote wawili karibu kwa pamoja. Britta alikuwa mbele kabisa, ndani ya kamba, gauni la buluu, nywele zimesukwa, mrefu na mzuri na ana hofu; kamera tayari zimemzunguka. Na mbali, nyuma ya umati, kwenye uzio, kofia ya kahawia na mikono mfukoni, alikuwa mzee Anselmo Dumlao.

Ngazi ikashushwa. Bendi ikaanza. Wendell alitokea juu ya ngazi peke yake na umati ukalipuka kwa shangwe. Akashuka. Ligaya alihesabu moyoni kila kitu kinachokufa kati yao, na hakumaliza.

Wendell alifika mbele ya Britta akavua kofia. Hakuinama kumbusu. Alikuwa anasema. Kwa mbali ilionekana maneno si mengi, na kwamba aliyasema akimtazama usoni, bila kuzungusha. Umati ulikuwa bado unashangilia, ukidhani kijana ana haya. Uso wa Britta ulibadilika mara mbili. Kisha akauinua mkono na kumnasa kofi lililosikika mpaka juu ya sitaha.

Bendi ilipoteza wimbo. Mahali fulani kwenye mstari, kinyume cha sheria zote, Tibbets alisema, "Haya, la kwanza hilo."

Nyuma ya Ligaya Mama Arlys alivuta pumzi na hakuirudisha.

Wendell hakushika shavu. Alimwinamia Britta kichwa, kama mtu anayekubali deni lake, akaruka kamba na kuingia kwenye umati. Kamera zikamfuata. Watu walimpisha bila kujua wanampisha kwenda wapi. Ligaya alijua kabla hajafika nusu ya njia.

Alifika kwenye uzio. Akasimama mbele ya mzee ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye picha, akasema neno moja au mawili, jina lake bila shaka. Kisha kijana yule mrefu wa shamba la viazisukari akainama mpaka mgongo ukalala, akatanguliza viganja vyote viwili wazi, akangoja kupewa mkono.

Mzee Anselmo hakuutoa. Mikono yake ilibaki mfukoni. Alimtazama yule kijana kichwani, akaitazama sare, na Ligaya alijua baba yake anaona nini: anaona sare ile ile iliyokuwa inamwita kwa kidole alete kahawa. Sekunde zikapita. Wendell hakusimama wima. Kamera zilikuwa zimewazunguka sasa, na mtu mmoja kwenye umati alianza kucheka.

Mzee akainua uso akaitazama meli. Alikuwa anatafuta kwenye ule ukuta wa watu wa sare nyeupe wasiotikisika, mmoja baada ya mwingine, na alipompata binti yake hakupepesa. Alikuwa anauliza. Miaka yote alikuwa anatoa amri, na siku ile alikuwa anauliza.

Mnyapara wa mstari wao alikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa Ligaya. Amri ya kunyamaza ilikuwa haijaondolewa. Ligaya alitoa mikono yake nyuma, akashika chuma cha ukingo, akainama mbele kadiri alivyoweza.

"Baba!" alipaza sauti, kwa lugha ya nyumbani, mpaka koo likauma. "Ni wangu huyo! Mpe mkono!"

Mnyapara alisema Dumlao, rudi mstarini, na Dumlao hakurudi.

Chini pale, mkono wa kulia wa mzee ulitoka mfukoni. Ulitoka polepole, kwa shingo upande, ukabaki hewani kama hauamini wenyewe. Wendell akaupokea kwa viganja viwili na kuulaza kwenye paji la uso wake, juu kidogo ya shavu ambalo vidole vya Britta vilikuwa bado vimechoreka, na mzee hakuuondoa.

Nyuma ya bega la Ligaya, Mama Arlys akauliza, "Anafanya nini pale?"

"Anamwamkia baba yangu."

"Mimi hajawahi kuniamkia hivyo."

Ligaya alijifuta macho kwa mkono wa sare. Aligeuka akamtazama yule mama usoni, bila kaunta kati yao.

"Atakuamkia, mama," alisema. "Lakini kwanza itabidi uutoe mkono."

Mama Arlys akaushika mkoba wake kwa mikono yote miwili.